Mchanga wa Kona ya Mama Mkwe

Kambi ya Lambo, Mtinko
7 Juni 1954

Mama Ezekieli mpenzi,

Salamu zako na za mtoto nimezipata kwa dereva wa lori la chumvi. Mimi ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa upepo wa huku, na vibarua wanasema nikicheka natisha.

Uliniuliza habari za kazi, na mimi nikiulizwa kazi sinyamazi. Lambo la hapa zamani lilikuwa na kina cha kumzamisha mtu mrefu. Leo ng'ombe anasimama katikati na maji hayamfiki tumboni. Mvua ni zile zile, kilichoongezeka ni mchanga. Kila masika Korongo la Kinyasi linaukokota kutoka milimani na kuumwaga lamboni, na tukiliacha hivi, watoto wa hapa watakuja kucheza mpira mahali babu zao waliponyweshea mifugo. Kwa hiyo Idara imenituma nisafishe korongo lote kuanzia lamboni kwenda juu, tuondoe mchanga mpaka tufike kwenye udongo mgumu. Bwana Injinia alikuja mara moja, akatazama, akarudi Dodoma kwenye kiti chake. Nimebaki mimi. Vibarua wananiita Injinia bila kuongeza neno "msaidizi", na mimi siwasahihishi.

Shida yangu ni moja tu. Nyumba ya Mama iko juu ya ile kona kubwa, na wanawake wa kule hushinda korongoni. Wewe unajua, tangu nikuoe Mama nimemwona mgongo tu, kaniki yake ikipotelea nyuma ya nyumba. Mkwe akikutana na mama mkwe wake korongoni, tena labda anafua au anaoga, atauweka wapi uso wake? Sehemu ile sitaipita. Nimeichora kwa kuitazama kutoka ng'ambo, na mnyapara wangu Melkizedeki ataingia na watu wake kwa kufuata mchoro. Bwana Injinia hajui, na akijua hataelewa. Wewe utaelewa.

Mbusu Ezekieli. Na huyo aliye tumboni mwambie baba yake anachimba.

Wako,
Nathanaeli


Itigi
20 Juni 1954

Baba Ezekieli,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Haya, Injinia wangu usiye na msaidizi, sisi tu wazima. Mwanao ameanza kuiga filimbi ya treni, na anaipiga alfajiri kabla treni yenyewe haijafika. Asali mpya imetoka porini, nimekuwekea chupa, ukichelewa tutailamba. Mkunga amenikataza safari za lori mpaka nijifungue, kwa hiyo usinitegemee kuja huko kukukagua.

Umenikumbusha kona yetu. Kiangazi korongo likikauka tulikuwa tunafukua mchanga kwa kata, tunakaa tukipiga soga, na maji yanajikusanya chini taratibu, ya baridi na safi kabisa. Kisima cha Mama hakikukauka hata mwaka ule wa njaa, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumwomba. Ukipata maji yale kunywa na sehemu yangu, maana haya ya Itigi yana chumvi.

Umefanya vizuri kumwekea Mama heshima. Yeye naye anakuogopa. Siku ya harusi aliniuliza nimeolewa na mtu wa sura gani, eti yeye aliinamisha kichwa akaona viatu tu.

Mkeo,
Klara


Kambi ya Lambo, Mtinko
25 Julai 1954

Mama Ezekieli mpenzi,

Kazi imekwenda vizuri kuliko nilivyoahidi. Korongo limekuwa safi, ukisimama lamboni unaona udongo mwekundu unapanda mpaka macho yanashindwa. Bwana Shauri alikuja na gari lake, akatembea ukingoni, akasema hajaona kazi nadhifu kama hii katika wilaya nzima. Nilijifanya sikusikia ili arudie, na kweli akarudia.

Ile kona Melkizedeki ameimaliza. Anasema mchanga wa pale ulikuwa wa kina kirefu, ulimpa taabu kuliko sehemu zote, na chini yake palikuwa na unyevu. Kulikuwa na mashimo ya wanawake pia. Sasa hawana haja tena ya kuchakura mchanga kama kuku, lambo lipo, na nimewatengea watu upande wao wa kuchotea mbali na ng'ombe. Nimepiga mahema yetu pale pale upande wa watu, ili vibarua wafukuze ng'ombe wakaidi.

Mama sijamwona lamboni hata siku moja. Nafurahi, maana ina maana hana shida ya maji. Mfikishie shikamoo yangu.

Wako,
Nathanaeli


Mtinko
19 Agosti 1954

Mwanangu Klara,

Naandika mwenyewe. Mkono umezeeka lakini herufi za katekisimu bado zimo. Samahani kwa mistari inayopanda mlima.

Kisima hakipo. Watu wa mumeo walikuja na makarai na matoroli wakachukua mchanga wote, wakaacha udongo uliopasuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nawatazama. Niliwaambia, hapa tunakunywa. Yule mnyapara aliniambia kwa adabu kabisa kwamba amri ni ya Injinia. Nikasema Injinia yupi? Akataja jina la mkwe wangu. Sasa ningesema nini? Nikaingia ndani.

Wenzangu wanachota lamboni. Raheli jirani anachota huko, na wote wanasema mumeo anawajali. Mimi siwezi. Mahema yake yako pale pale watu wanapochotea. Nilijaribu kwenda mapema, nikamkuta anapiga mswaki ukingoni, kifua wazi. Nikageuka na debe tupu, nakuambia nilikimbia mimi mzee. Raheli huniletea siku nyingine, lakini ana watoto wengi na mtu hawezi kuishi kwa kunywa maji ya huruma. Kwa hiyo naenda ng'ambo ya kilima, kule kwenye majabali, maji yanapodondoka. Njia ni mbaya kidogo lakini nimeizoea.

Usimwambie mumeo. Kazi yake imesifiwa na wakubwa, nami sitaki asikie kwamba mama mkwe ndiye wa kwanza kulalamika. Ataona aibu mbele ya watu wake na hataweza tena kukanyaga kwangu. Muulize tu, kwa upole, atamaliza lini. Akiondoka nitachota lamboni kama wengine.

Mama yako,
Luciana


Itigi
4 Septemba 1954

Baba Ezekieli,

Pongezi zako za Bwana Shauri zimefika mpaka stesheni, karani wa tiketi ameniamkia leo kwa heshima mpya. Nami nakupongeza.

Tumbo limekuwa zito na usiku silali vizuri. Nina swali moja. Utamaliza lini huko? Mama naye ameniandikia anauliza, tena ameuliza kwa kusisitiza. Kama kazi imekwisha, basi vunja kambi, rudi nyumbani. Au kama bado, si unaweza kuhamisha mahema yako, ukakaa sokoni Mtinko penye watu, kuliko kukaa ukingoni mwa lambo na mbu? Fikiria hilo, tafadhali. Nina sababu zangu za kukuomba.

Mkeo,
Klara


Kambi ya Lambo, Mtinko
22 Septemba 1954

Mama Ezekieli mpenzi,

Barua yako imenipa raha sana, hasa kusikia Mama ameuliza. Sikujua anafuatilia kazi yangu. Nimeelewa wasiwasi wake: anaogopa nitaondoka na kazi nusu, masika yaje yarudishe mchanga wote na watu wamseme kwamba mkwe wake alikuja kupiga picha na Bwana Shauri tu. Ana haki ya kuuliza.

Basi mtulize moyo. Nimeandika Dodoma kuomba kubaki mpaka mvua zianze, na nimekubaliwa. Tutajenga ukuta wa mawe kule juu, juu ya ile kona, wa kuzuia mchanga usishuke tena. Mchanga utabaki nyuma ya ukuta, maji yatapita juu yake. Mchoro ni wangu mwenyewe, na Bwana Injinia ameweka sahihi bila kubadilisha hata mstari. Ukuta huo ukisimama, korongo halitajaa tena maisha ya Mama na maisha ya Ezekieli. Mwambie ni zawadi yangu kwake.

Mbu hawanishindi, nina chandarua. Sokoni ni mbali, na mtu wa maji hukaa penye maji. Najua sababu zako, umenikumbuka. Nami nimekukumbuka vile vile, vumilia kidogo.

Wako,
Nathanaeli


Mtinko
17 Oktoba 1954

Mwanangu Klara,

Nimepata salamu kwamba mkwe wangu anabaki mpaka masika, na kwamba ni zawadi yangu. Mshukuru.

Juzi niliteleza kule kwenye majabali. Debe lilitangulia, mimi nikafuata. Goti limevimba, na nyonga inauma nikigeuka kitandani. Raheli amenichua kwa mafuta ya nyonyo. Usije, una mimba, na barabara ya lori inatoa hata mimba ya ng'ombe. Anselm nimemwandikia huko Mandewa, kaka yako akipata nafasi atakuja kuniona.

Debe limetoboka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, lilikuwa la baba yenu.

Kuna jambo jingine nalifikiria, lakini si la kukutuma wewe. Nitaona mwenyewe la kufanya.

Mama yako,
Luciana


Itigi
29 Oktoba 1954

Nathanaeli,

Mama aliniambia nisikuambie, na mimi nikamtii. Nimekosa. Nilipaswa kukuambia tangu Agosti, lakini kila nilipokaa kuandika niliona furaha yako kwenye barua zako, kalamu ikakwepa. Nikakupa vidokezo kama mtu anayeongea na mgeni, wakati wewe ni mume wangu.

Mchanga uliouondoa kwenye kona ndio uliokuwa unatunza maji ya Mama. Hakuna kisima tena. Na lamboni hawezi kuja kwa sababu wewe umelala mlangoni. Ulifikiri hana shida ya maji kwa kuwa humwoni! Mama amekuwa akipanda kilima na kushuka kwenye majabali kila siku ili asikutane na wewe unapiga mswaki. Sasa ameanguka, na nyonga yake imeumia. Alipouliza utamaliza lini alikuwa anauliza ni lini atakunywa maji.

Nina hasira na wewe, nina hasira na yeye, na zaidi nina hasira na mimi. Sote watatu tulikuwa tunaheshimiana sana. Tazama heshima hiyo ilikotufikisha.

Ondoa hayo mahema. Leo.

Klara


Mtinko, Sokoni
15 Novemba 1954

Mama Mkwe,

Shikamoo.

Sijawahi kukuandikia, wala sijui kama inafaa mkwe kumwandikia mama mkwe wake. Nilimuuliza katekista wa hapa, akasema karatasi haina macho, niandike tu. Ukiona nimevuka mpaka, ichome moto na tusiizungumze.

Barua ya Klara niliipokea tarehe tano mchana. Sikungoja hata chakula. Niliwaamuru vibarua wang'oe mahema na jioni ile ile tulikuwa hapa sokoni. Tangu siku hiyo sijakanyaga lamboni, na wala sitakanyaga, ili uchote kwa nafasi. Nimemtuma Melkizedeki akuletee debe jipya, naomba ulipokee.

Sikuipita kona yako, Mama. Nilipima korongo lote kwa miguu yangu isipokuwa pale. Ningepita hata mara moja ningeona kisima, ningeona njia iliyochongwa na miguu yenu, na ningesimamisha kazi kwa sababu macho ninayo. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba ninakuheshimu. Ninajuta, na sijui neno kubwa kuliko hilo.

Kuna jambo jingine ni lazima nikuambie, maana sitaki kukuficha tena. Ule ukuta wa mawe tuliumaliza Jumamosi. Nilipopata barua ya Klara ulikuwa bado wazi katikati. Nilifikiria sana. Ningeweza kuacha mlango pale kati, mchanga ukapita kidogo kidogo, na baada ya masika mawili matatu kona yako ingejaa tena na maji yangerudi. Mchanga uliozidi ningeuzuia kwa ukuta mdogo chini ya kona, usifike lamboni. Kazi ingekuwa kubwa zaidi lakini inawezekana. Ila ningelazimika kumweleza Bwana Injinia sababu, naye angeniuliza ni nani aliyeomba. Na hakuna aliyeomba. Hata wewe hukuomba, Klara aliniandikia juu ya mahema tu. Nikajiambia Mama sasa ana lambo, pengine limemtosha, nisimsemee maneno asiyoyasema. Nikaamuru wafunge.

Sasa umeshaandikwa kuwa mali ya serikali na mimi sina ruhusa ya kuondoa hata jiwe. Mifugo ya bonde zima inategemea lambo lisijae, kwa hiyo siwezi kusema ukuta ni mbaya. Nasema tu kwamba ungeweza kuwa na mlango.

Naomba unisamehe. Kama utaweza kunijibu hata neno moja, kwa mkono wa mtu yeyote, nitashukuru.

Mkweo,
Nathanaeli


Mandewa, Singida
12 Desemba 1954

Mkwe wangu Nathanaeli,

Marahaba, baba. Barua yako imezunguka, ilienda Mtinko haikunikuta, Raheli akaituma kwa mtu wa mnadani. Debe nimelipata, ni zuri, halivuji.

Niko kwa Anselm. Alikuja na mkokoteni akanichukua na mikeka yangu na kuku watatu. Nyonga haitaki tena kupanda wala kushuka, na nyumba imefungwa. Aliyebaki kule ni baba yake Klara peke yake, kaburini, na Raheli ameahidi kumpalilia. Anselm anasema tutarudi masika yakiisha. Ni mtoto mwema, ananidanganya vizuri. Hapa kuna kisima cha kamba, maji yake mazito lakini yapo karibu na mlango. Klara amejifungua mtoto wa kike, nadhani habari zimekufikia. Amemwita jina langu na mimi sikupinga.

Umeomba msamaha. Nimekusamehe kabla sijafungua bahasha. Hukuniharibia kwa ubaya. Na mimi ningeweza kumwambia yule mnyapara, mwambie bwana wako mama mkwe wake amekataa, angesimama. Nilishindwa kulitamka neno hilo mbele ya vibarua. Nimelala nalo siku nyingi, hivyo usilibebe peke yako.

Lakini umesema sikuomba, na hilo sitaki uendelee kulifikiria hivyo.

Raheli alisikia kwa Melkizedeki kwamba ukuta unaweza kuachiwa mlango kama Injinia akitaka. Nikasema hili si la kumtuma mtoto wala la kuandika. Hili mtu anaenda mwenyewe. Mimi ni mzee, haya zimenitunza miaka yote, zitanivumilia siku moja. Tarehe sita Novemba niliamka, nikajifunga kanga ya kanisani, nikachukua fimbo ya marehemu, nikashuka lamboni na mguu wangu huo. Nilipumzika mara nyingi njiani. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nilitaka kusimama mbele ya hema lako, nikuite kwa jina lako ulilobatizwa, na unapotoka nisigeuke. Kisha nikuombe uniachie mchanga kidogo.

Nilikuta majivu na vigingi vya mahema. Nikadhani mmekwenda karibu, mtarudi kula. Nikakaa ukingoni kukusubiri. Ng'ombe walikuja, wakanywa, wakaondoka. Jua lilipokuwa kali nikachota maji kwenye kibuyu, nikarudi nyumbani.

Mama yako,
Luciana